Mlima, Ngazi, Ukuta na Mkeka

Tarehe 30 Septemba 2024, mtambo wa Ratcliffe-on-Soar, katikati mwa Uingereza, ulizimwa. Ulikuwa wa mwisho nchini humo kuzalisha stima kwa makaa ya mawe. Wa kwanza, ule wa Holborn Viaduct jijini London, uliwashwa mwaka 1882. Hesabu mwenyewe: miaka 142. Nchi iliyoufundisha ulimwengu kuchoma makaa ya mawe ikawa imefunga duka.

Habari hiyo ilizunguka sana mitandaoni, na wengi walioisambaza waliiambatanisha na swali moja: kama Uingereza imeweza, nyinyi wengine mnangoja nini? Swali zuri, lakini linaruka historia yote iliyo katikati. Nchi haziachi makaa ya mawe, mafuta na gesi kwa sababu zimeamka asubuhi moja zikiwa na roho safi. Huwa kuna mgomo, vita, ukame, kesi mahakamani, ama bei iliyowashinda watu.

Ndiyo maana nataka tuziweke nchi nne pamoja: Uingereza, Ufaransa, China na hapa kwetu Kenya. Ukichora grafu ya matumizi ya nishati hizi katika kila nchi, utapata maumbo manne. Mimi huyaona hivi: Uingereza ni mlima, Ufaransa ni ngazi, China ni ukuta, na Kenya ni mkeka.

Mlima

Mwaka 1913 migodi ya Uingereza ilitoa takriban tani milioni 287 za makaa ya mawe. Zaidi ya watu milioni moja walitafuta unga wao huko. Sehemu kubwa ya makaa hayo ilitoka nje ya nchi kupitia bandari kama Cardiff, kwenda kulisha meli za mvuke.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Uingereza iliitwaa Aden mwaka 1839, na bandari ile ikawa kituo cha meli kujaza makaa. Mfereji wa Suez ukafunguliwa 1869, na kufikia 1872 meli za barua zilikuwa zinaunganisha Aden na Zanzibar. Kwa karne nyingi mabaharia wa pwani walikuwa wamengoja kaskazi iwalete na kusi iwarudishe. Sasa kulikuwa na chombo kisichojali upepo unavuma wapi. Ukoloni wa Afrika Mashariki ulikuja na bendera na Biblia, sawa, lakini pia ulikuja na makaa ya mawe kutoka Wales.

Halafu mafuta yakaingia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini, alisukuma manowari zihame kutoka makaa kwenda mafuta, kwa kuwa meli ya mafuta ina kasi zaidi na hujazwa haraka. Shida ni kwamba Uingereza ilikuwa na makaa tele na mafuta hakuna. Basi mwaka 1914 serikali ikanunua hisa nyingi za Anglo-Persian Oil Company, iliyokuwa ikichimba Uajemi. Kampuni hiyo leo unaijua kwa jina la BP. Lakini angalia vizuri: mafuta yalipoingia, makaa hayakutoka. Yalibaki majumbani, viwandani na kwenye mitambo ya stima. Nishati mpya iliketi juu ya ile ya zamani.

Watu walilipia. Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi uliifunika London kwa siku tano. Serikali ilihesabu vifo kama 4,000. Watafiti wa baadaye wakasema huenda vilifika 12,000. Sheria ya hewa safi ilikuja 1956. Ilichukua maiti wengi hivyo, tena katika mji mkuu, mbele ya madirisha ya wabunge wenyewe.

Kilichoushusha mlima kilikuwa gesi na siasa. Gesi iligunduliwa Bahari ya Kaskazini mwaka 1965. Machi 1984 wachimba migodi waligoma kupinga kufungwa kwa migodi, na kwa mwaka mzima Margaret Thatcher na kiongozi wao Arthur Scargill walivutana. Machi 1985 wachimbaji walirudi kazini mikono mitupu. Migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na vijiji vilivyoishi kwa makaa vikabaki na vilabu vya pombe na wazee wenye kifua kibovu. Miaka ya 1990 kampuni za stima zilizokuwa zimebinafsishwa zilikimbilia gesi kwa sababu ilikuwa rahisi. Hata hivyo, kufikia 2012 makaa ya mawe bado yalitoa karibu asilimia 40 ya stima ya nchi. Halafu ushuru wa hewa ya ukaa na mitambo ya upepo baharini vikamaliza kazi ndani ya miaka 12.

Huo ndio mlima. Lakini kuna mambo mawili ambayo hushereheshwa kidogo sana. La kwanza: makaa yameisha, ila karibu robo tatu ya nishati yote ya Uingereza bado inatoka kwa mafuta na gesi. La pili: Drax, uliokuwa mtambo mkubwa kuliko yote ya makaa ya mawe huko, sasa unachoma vipande vya mbao vilivyovuka bahari, vingi kutoka Marekani. Kwa lugha ya nyanyangu, hizo ni kuni.

Ngazi

Ufaransa haikuwa na bahati ya makaa mengi wala mafuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilijenga uchumi wake kwa mafuta ya bei nafuu kutoka Mashariki ya Kati. Kisha ikaja Oktoba 1973. Vita vya Waarabu na Israeli vilizuka, nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta, na pipa lililouzwa kama dola 3 likakaribia dola 12 ndani ya miezi michache.

Machi 1974 waziri mkuu Pierre Messmer alitangaza kwamba nchi itajenga vinu vya nyuklia kwa wingi. Ndani ya miaka 15 hivi, takriban vinu 50 vilikuwa vimesimama. Hakuna taifa lingine lililobadilisha chanzo cha stima yake kwa kasi hiyo na kwa ukubwa huo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, karibu robo tatu ya stima yake ilikuwa ya nyuklia. Mgodi wake wa mwisho wa makaa ya mawe ulifungwa 2004. Ndiyo maana grafu yake ni ngazi: iko juu, inashuka ghafla, halafu inatulia.

Hapa pia Afrika ipo, ila jina lake halijaandikwa kwenye swichi ya taa. Kwa miongo mingi sehemu ya urani ya Ufaransa ilitoka Arlit, jangwani Niger, ambako uchimbaji ulianza 1971. Niger yenyewe imebaki kati ya nchi zenye watu wengi zaidi wasio na stima.

Na ngazi hiyo haikufika sakafuni. Nyuklia iliwasha taa, haikuendesha gari. Novemba 2018 watu wa vijijini na vitongoji vya Ufaransa, waliovaa vizibao vya njano, walifunga barabara kupinga ushuru mpya wa mafuta. Serikali ilisema ushuru ni wa kuokoa mazingira. Mtu anayeendesha kilomita 40 kwenda kazini kwa sababu kijijini kwake hakuna treni aliisikia tofauti. Desemba serikali ikarudi nyuma.

Weka kidole kwenye mwaka huo, 2018. Tutaurudia.

Ukuta

China ilianza polepole. Mwaka 1959 mafuta yaligunduliwa Daqing, kaskazini mashariki, kwenye baridi kali, na kwa muda nchi hiyo ikawa hata inauza mafuta nje. Kufikia 1993 ilikuwa inanunua kuliko inavyouza.

Lakini ukuta wenyewe ni wa makaa ya mawe. Mwaka 2001 China iliingia Shirika la Biashara Duniani, na viwanda vya dunia vikahamia huko. Kati ya 2000 na 2013 matumizi yake ya makaa yaliongezeka karibu mara tatu, yakapita tani bilioni 4 kwa mwaka. Leo zaidi ya nusu ya makaa yote ya mawe yanayochomwa duniani huchomwa China. Kwenye grafu, mstari wake haupandi, unasimama wima.

Ni rahisi kunyoosha kidole. Ila jiulize ule moshi ulikuwa unatengeneza nini. Ulitengeneza simu uliyoshika, viatu vya Nyamakima, sufuria, chaja, nguo za watoto wa London na wa Paris. Mlima wa Uingereza uliposhuka, kazi ya kiwandani iliyokuwa ikifanywa Manchester haikutoweka, ilihamia Guangdong. Moshi ulihama pamoja na kazi, na risiti ikaandikwa jina la China.

Watu wa huko nao walilipia. Januari 2013 hewa ya Beijing ilikuwa mbaya kiasi kwamba hata vyombo vya serikali havikuweza kuficha, na mwaka huohuo serikali ikatangaza mpango wa kusafisha hewa. Mwaka 2017 ikapiga marufuku majiko ya makaa katika vijiji vingi vya kaskazini, yawekwe ya gesi. Baridi ilikuja kabla ya mabomba. Kule Hebei kulikuwa na shule ambazo watoto walisomea nje juani kwa sababu darasani hakukuwa na joto. Amri nzuri, ratiba mbaya.

Wakati huohuo, China hiyohiyo ndiyo inayoongoza duniani kwa sola. Mwaka 2023 pekee iliongeza zaidi ya gigawati 200. Karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa huko mwaka 2024 yalitumia stima, mengine moja kwa moja, mengine pamoja na petroli. Asilimia ya makaa katika nishati yake imeshuka kutoka karibu 70 hadi takriban 55, lakini tani zenyewe hazijashuka. Keki imekuwa kubwa, kwa hivyo kipande kinachoonekana chembamba bado kina uzito uleule. Mtu akikuonyesha asilimia, muulize tani. Akikuonyesha tani, muulize ziligawanywa kwa watu wangapi.

Mkeka

Sasa turudi nyumbani. Hata lugha yetu inasema kitu: tunaita "makaa ya mawe" kwa sababu tulikuwa na makaa kwanza, yale ya jikoni, na hayo mengine tukayapa jina la kuazima. Wakenya wengi hawajawahi kuyaona kwa macho.

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 haikukuta makaa ya mawe njiani, kwa hivyo kwa miaka mingi injini zake zilikula kuni. Mikaratusi unayoiona leo kila mahali kutoka Limuru hadi Kericho ina uhusiano na hadithi hiyo: miti hiyo ililetwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili kuwapa wakoloni kuni za treni.

Mafuta yalikuja kwa meli. Mwaka 1963, mwaka wa Uhuru, kiwanda cha kusafishia mafuta kilifunguliwa Changamwe. Bomba la Mombasa hadi Nairobi likaanza kazi 1978. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta 2013, na tangu hapo tunanunua petroli na dizeli zikiwa tayari. Katikati ya hayo, mwaka 2012, mafuta yaligunduliwa Turkana, kisima cha Ngamia 1. Shehena ya kwanza ya majaribio iliondoka Mombasa Agosti 2019, baada ya kubebwa na malori kutoka Lokichar. Tulipiga picha nyingi siku hiyo.

Mshtuko ule wa 1973 ulioifanya Ufaransa ijenge vinu ulitupiga sisi pia, lakini jibu letu lilikuwa maji na mvuke. Mabwawa ya Mto Tana yakafuatana: Kindaruma lilikuwepo tangu 1968, Kamburu likaja 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981. Mwaka huohuo wa 1981 mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini ukaanza Olkaria, karibu na Naivasha. Ukame wa 1999 na 2000 ulipokausha mabwawa, stima ikawa ya zamu, na majenereta ya dizeli yakaingia. Wazazi wetu wanakumbuka. Baada ya hapo mvuke na upepo vikaongezwa, na leo karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya haitokani na mafuta wala makaa ya mawe.

Hiyo asilimia 90 tumeibeba kwenye mikutano yote ya tabianchi, na ni haki yetu kujivunia. Lakini soma neno moja: stima. Si nishati yote. Karibu theluthi mbili ya nishati inayotumika nchini bado ni kuni na makaa. Matatu ni dizeli, boda ni petroli. Grafu yetu ya mafuta na gesi iko chini kama mkeka sakafuni, na chini ya mkeka kuna jiko la mama ambalo halichorwi kabisa.

Turudi 2018. Februari serikali ilisimamisha ukataji wa miti msituni, na bei ya makaa ikapanda. Baadaye mwaka huo mafuta taa yakaongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, sababu ikiwa kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Septemba, mafuta yote yakawekewa VAT ya asilimia 16. Nauli zikaruka, watu wakapiga kelele, ikashushwa hadi 8. Mwaka 2023 ikarudishwa 16, na maandamano yakaja tena.

Sikiliza mpangilio wake. Msitu ulilindwa, sawa. Uchanganyaji wa dizeli ulizuiwa, sawa. Bajeti ilihitaji pesa, sawa. Kila amri ilikuwa na sababu yake. Ila zote tatu zilikutana kwenye chumba kimoja cha mabati, ambako mtu alikuwa na jiko la makaa na stovu ya mafuta taa, na njia zote mbili zikafungwa mwaka mmoja. Mwenye uwezo alinunua mtungi wa gesi. Asiye nao alitafuta vipande vya mbao kwenye mjengo. Miezi miwili baada ya VAT yetu, Wafaransa walivaa vizibao vya njano. Bara tofauti, lugha tofauti, hasira ileile: mnatubadilishia moto kabla ya kutupa mwingine.

Walipouliza Lamu

Kuna siku Kenya ilikaribia kuanza kupanda mlima wake yenyewe. Mpango ulikuwa kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu, kilomita chache kutoka mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wakati huo matumizi ya juu kabisa ya stima ya nchi nzima hayakuwa yamefika megawati 2,000. Yaani mtambo mmoja ungetosha zaidi ya nusu ya Kenya. Na mikataba ya aina hii hulipwa hata mtambo ukikaa bure, kwa hivyo gharama ingeingia kwenye tokeni zako na zangu.

Wavuvi, mafundi wa majahazi, wanawake wa vikundi na vijana wa Lamu walienda kusikilizwa. Swali lao halikuwa la kitaalamu sana. Waliuliza: maji ya moto yatakayorudi baharini yatafanya nini kwa samaki? Jivu litawekwa wapi? Na nani alituuliza? Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni, na sababu kubwa ilikuwa hilo swali la mwisho: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Linganisha na Mtwara, kusini mwa Tanzania. Mwaka 2013 watu walijaa barabarani kupinga bomba la kupeleka gesi yao Dar es Salaam. Walikuwa na swali kama la Lamu: sisi tunapata nini? Jeshi lilipelekwa, watu wakafa, na bomba likakamilika 2015. Gesi hiyo imewasha taa za mamilioni, na haisaidii kitu kujifanya haijawasha. Lakini swali la Mtwara lilijibiwa kwa askari, wakati la Lamu lilijibiwa kwa hukumu. Sasa bomba jingine, la kilomita 1,443, linatoka Uganda kwenda Chongoleani, Tanga, na linauliza swali lilelile kwa kila kijiji linachopitia.

Ndiyo maana sipendi zile orodha zinazopanga nchi kama timu za ligi, Uingereza juu, China chini, Kenya ikipigiwa makofi kwa kuwa na kidogo. Grafu inakuonyesha kiasi gani kilichomwa. Haikuonyeshi kazi iliyohama, kifua kilichoharibika, wala mwanafunzi wa Hebei anayeandika juani akiwa na glavu. Haikuonyeshi pia kwamba nchi yenye grafu ndogo inaweza kuwa na moshi mwingi kuliko zote pale hasa ambapo mtoto analala.

Nikiulizwa Kenya inangoja nini, jibu langu ni kwamba sisi hatuna mlima wa kushuka. Tuna mkeka wa kukunja, na kazi yetu ni kufikisha stima ile safi ya Olkaria hadi kwenye jiko na kwenye stendi ya matatu, kwa bei ambayo mtu wa Mukuru anaweza kulipa. Hilo halitafanywa na ushuru peke yake, 2018 ilitufundisha. Na kila mkataba mpya ukiletwa, wa makaa ya mawe, wa gesi, wa nyuklia au hata wa sola, watu wa mahali pale waulizwe kabla ya leseni kuandikwa. Lamu walishinda kwa kuuliza hivyo, na hawakuhitaji shahada ya uhandisi.